Gari Si Maiti

Nina gari moja, lakini washauri wake ni mtaa mzima. Sijapata kuona mtu akisimamishwa njiani kwa ajili ya friji yake, akaulizwa mbona aifungua kila siku, haogopi itachakaa? Mimi nikitoa pua ya Pijo langu nje ya lango tu, nishapata mkutano. "Yakhe, gari hili ndilo waendea Kongowea kununua vitunguu? Hili si la kuwekwa?" Sijafika kona, ananidaka wa pili: "Mzee, juzi sikukuona na gari. Usililaze hilo, gari likilala lafa!" Wote wawili wananishauri kwa moyo mweupe, na wote wawili hawajawahi kunitilia hata lita moja ya petroli.

Gari lenyewe ni Peugeot 504, saluni, rangi ya krimu, namba za usajili za zamani, zile zisizokuwa na herufi mkiani. Nililirithi kwa ami yangu, Mungu amrehemu, aliyelinunua jipya na kuliendesha hadi macho yakakataa. Zama hizo hakuna aliyemwuliza ami kama analitumia au analihifadhi. Alikuwa na gari, akaenda nalo kazini, akarudi, akalala. Swali hili limeletwa na uzee wa gari. Likishakuwa kuukuu kiasi cha kutosha, kila mtu huliona tamu, isipokuwa anayelilipia bima.

Vijana wasiolijua waniwie radhi niwape habari zake kidogo, maana ndizo zilizoniharibu. Lilitoka Ufaransa mwaka 1968, umbo likiwa limechorwa na Waitaliano wa Pininfarina, na mwaka uliofuata likatawazwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Taji hilo huku kwetu halikumshughulisha mtu. Kilichotushughulisha ni Safari Rally. Mwaka 1975 Mswidi Ove Andersson alishinda mbio zile na 504, na mwaka 1978 Mfaransa Jean-Pierre Nicolas akashinda na 504 ya milango miwili. Kabla ya hapo 404, kakake mkubwa, lilishalitia adabu tope la Afrika Mashariki: Nick Nowicki wa Kenya mwaka 1963 na tena 1968, na katikati yake Bert Shankland wa Tanzania, 1966 na 1967 mfululizo. Sasa mtu aliyelelewa na majina hayo redioni, leo aambiwe gari hili liwekwe kivulini lisije likadhurika. Likadhurika na nini?

Mbio zilipokwisha likawa matatu. Yale marefu, yenye safu tatu za viti, yalibeba abiria walioandikwa na wasioandikwa, na mizigo juu mpaka paa likaomba msamaha. Na kwa sisi wa Mombasa lilikuwa mtoto wa nyumbani, kwa kuwa lilikuwa likiunganishwa papa hapa, na kazi hiyo iliendelea miaka mingi baada ya Wafaransa wenyewe kuachana na saluni yake mwaka 1983. Duniani kote yalitengenezwa zaidi ya milioni tatu. Kwa hiyo tusidanganyane, gari langu si adimu. Adimu ni kioo cha taa yake ya nyuma.

Tuje kwenye vyama. Chama cha kwanza ni cha waweka. Kiongozi wao ni shemeji yangu, nduguye mke wangu, akaaye Nairobi, mahali ambapo hewa haina chumvi na watu hawana haya ya kumpangia mtu mali yake. Ndiye aliyenipeleka Ngong Racecourse kutazama Concours d'Elegance, mashindano ya urembo wa magari yaliyoanza mwaka 1970. Sikuwa najua kwamba gari laweza kukaguliwa namna ile. Majaji hutazama bodi, hutazama injini, viti, buti, hata uvungu. Nilimwona mmoja, kavaa koti la heshima, akapiga magoti kwenye nyasi, akaingiza mkono chini ya gari, akapitisha kidole mahali ambapo hata fundi aliyeliunda hakutarajia mtu kurudi. Akakitoa kidole, akakitazama. Mwenye gari amesimama kando, mikono nyuma, kijasho chamtoka. Kidole kilikuwa safi. Jaji akaandika kitu, na mwenye gari akarudishiwa pumzi zake. Jirani yake alikuwa bado na mswaki mkononi akisafisha vijia vya tairi, na mswaki wenyewe ulikuwa mzuri kuliko wangu wa nyumbani.

"Lile la kijani pale," shemeji akaninong'oneza, "halijawahi kunyeshewa."

"Lilifikaje hapa?"

"Limeletwa juu ya lori."

Gari limebebwa na gari. Nikatazama juu. Wingu lilikuwa likijikusanya upande wa vilima vya Ngong, na watu wazima wenye suti walikuwa wakilitazama kama mimi, ila wao wakisoma dua.

Tulipokuwa tukirudi, shemeji akaanza uchumi. "Shemeji, hilo Pijo ukilifunga leo, baada ya miaka ishirini bei utaitaja wewe." Nikapiga hesabu kimyakimya. Baada ya miaka ishirini, nikijaliwa uhai, mimi nitakuwa mtu wa kutajiwa bei ya mkongojo. Lakini shemeji hakungoja jibu. Wiki ile ile turubai likafika kwa basi, jeupe pe, limekatwa kwa kipimo cha Pijo, na mke wangu akalitandaza mwenyewe kwa furaha ambayo hakunifafanulia. Nilifafanuliwa jioni, nilipokuta sinia mbili za pilipili zimeanikwa juu ya boneti. Kumbe gari likienda huchukua uwanja wa kuanikia, na likifunikwa huwa uwanja wenyewe.

Kesho yake bibi wa nyumba ya pili akasimama langoni, akatazama kile kitu kirefu kilicholazwa uani na kufunikwa nguo nyeupe, akashika kifua.

"Innalillahi wa inna ilaihi rajiun. Ni nani, mwanangu?"

"Ni gari, bibi."

"Lilikufa lini?"

"Halijafa, bibi. Tumelihifadhi."

Akanitazama kitambo. "Sasa kama halijafa," akasema, "mwalifunikiani?"

Sikuwa na jibu. Nikampigia shemeji, naye akasema mtandao wakatakata.

Jibu lilikuja kuletwa na fundi, miezi kadhaa baadaye, tulipotaka kulitoa gari liende harusini Malindi nalo likakataa hata kukohoa. Fundi wangu ni mtu wa maneno machache na gharama nyingi. Huja akimaliza kula, na hula taratibu. Alipofika hakuuliza nini kimeharibika. Alivuta turubai kwa ncha mbili za vidole, akasema "Mh," akaomba sahani.

Kabureta akaifungulia juu ya ile sahani, nyeupe, ya kabati la mke wangu. Kikadondoka kitu cha kahawia, kizito, kinanata. Akakikwangua kwa ukucha wa dole gumba, akaniletea puani. Kilinuka vanishi.

"Nini hii, fundi?"

"Petroli yako hii, mzee."

Akanieleza huku akitafuta waya mwembamba. Petroli ikikaa sana, sehemu zake nyepesi huruka zikaenda zao. Zile nzito hubaki, zikaganda, zikaziba vitundu ambavyo hata ncha ya sindano huingia kwa kubembelezwa. Kutoka hapo akahamia kwenye breki. Mafuta ya breki yana tabia ya kunywa unyevu kutoka hewani, na hewa ya Mombasa haiombwi unyevu mara mbili. Ndani ya silinda kutu ilishafanya kazi yake, pistoni imekwama, kwa hiyo gari lililokataa kwenda sasa lilikataa hata kusukumwa. Tairi zilikuwa zimebeba uzito ule ule mahali pale pale mpaka zikapata bapa chini. Raba za milango zimekauka. Panya walihamia kwenye kisanduku cha chujio la hewa, wakatandika humo sufi walizozing'oa kiti cha nyuma, tena upande wa abiria, ambako ami hakuruhusu mtu kula hata karanga. Na lile turubai la heshima, badala ya kuizuia chumvi ya bahari, liliifungia ndani pamoja na unyevu ili zifanye kazi zao bila bughudha ya jua.

Nikamwambia kwamba kwa maagizo ya shemeji kijana wetu alikuwa akiliwasha kila Jumapili dakika tano, mpaka betri ikachoka.

"Bora angeliacha," fundi akasema.

Injini ikiwaka hutoa mvuke wa maji. Ikifika joto lake sawasawa, mvuke hukauka ukatoka wote kwa ekzosi. Ukiizima kabla, maji hubaki mle mle, mengine kwenye oili, mengine kwenye bomba. Na betri nayo hutoa umeme mwingi kuliwasha gari kuliko inaoupata ndani ya dakika tano za kuunguruma uani. Ekzosi ilikuwa imeoza kutoka ndani kwenda nje, Jumapili moja baada ya nyingine, kwa nia njema. Bili aliyoniandikia ilikuwa bili ya gari lililogongwa na lori, na gari lenyewe halikuwa limevuka lango.

Gari, nimejifunza kwa fedha zangu, halijui kupumzika. Linajua kwenda na linajua kuoza.

Ukidhani haya ni ya Mombasa peke yake kwa sababu ya bahari, sikiliza ya Wamarekani, ambao wana fedha na saruji. Mwaka 1957 mji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma, ulichukua gari jipya la Plymouth Belvedere ukalizika ndani ya chumba cha zege mbele ya mahakama, lifukuliwe baada ya miaka hamsini. Zege lenyewe lilisifiwa kwamba lingestahimili hata bomu la nyuklia. Gari wakalifunga vizuri, wakaliwekea na petroli pembeni, kwa kuwa waliwaza huenda watu wa mwaka 2007 watakuwa hawaijui. Na gari hilo lingekuwa zawadi ya yule ambaye mwaka 1957 alikisia karibu zaidi idadi ya wakazi wa mji itakavyokuwa siku ya kufukua. Juni 2007 ikafika. Watu wakajaa, kamera zikajaa, kifuniko kikainuliwa. Na chumba nacho kilikuwa kimejaa, maji. Bomu halikuja. Waliojiandaa kwa bomu waliingiliwa na maji ya ardhini, polepole, bila king'ora. Gari likatoka kutu tupu, springi hazilibebi. Na mshindi wake? Walipomtafuta wakakuta alishafariki tangu mwaka 1979. Ikabidi urithi huo wa kutu uende kwa ndugu zake wazee.

Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka bibi wa nyumba ya pili, na nikaona kwamba swali lake lilikuwa kubwa kuliko uani kwangu. Kuhifadhi ni kumwekea mtu. Haya, mtu gani? Shemeji asema bei itapanda. Ikipanda, nitaifaidi siku nitakayoliuza, yaani siku ambayo gari litakuwa si langu. Kwa hiyo natakiwa nilikose mara mbili: kwanza likiwa uani silitumii, halafu likiwa limeuzwa silioni. Na huyo atakayelinunua kwa bei hiyo kubwa, atathubutu kulipeleka kununua samaki? Thubutu! Ataliweka amngoje mnunuzi wake. Gari litapita mikononi mwa wanaume watano waliolipenda, na hakuna hata mmoja aliyelipanda. Mimi katika mlolongo huo ni nani? Mimi ni bawabu wa zamu ya usiku, tena nisiyelipwa, namlindia mali bwana ambaye huenda hajazaliwa.

Sasa msinishangilie mapema mkadhani nimehamia chama cha pili. Watumiaji nao nawajua vizuri, kwa sababu wengi wao hunisubiri langoni asubuhi wakiwa wamekwisha oga. Mtetezi wao mkuu ni kijana wa chuo kikuu, mtoto wa jirani, ambaye hunisomea mambo kwenye simu yake tangu langoni mpaka kituo anachoshukia.

"Mzee, kulikuwa na mwalimu Marekani, Irv Gordon. Alinunua Volvo P1800 mwaka 1966, akaiendesha mpaka mwaka 2013 ikafikisha maili milioni tatu. Karibu kilomita milioni tano, mzee, gari moja!"

Nami nikamwambia: mwalimu huyo alikuwa akifuata kitabu cha gari, akibadilisha oili kwa wakati, na akienda safari ndefu kwenye barabara kuu za kwao, injini ikipata joto na kukaa kwenye mwendo mmoja saa nzima. Mimi kutoka nyumbani hadi Buxton nakanyaga klachi mpaka goti lauliza kama tumefika. Kilomita zake ni za kwenda. Zangu ni za kusimama.

"Haya, kuna Mgiriki mwenye teksi, Gregorios Sachinidis. Mercedes 240D ya mwaka 1976. Kilomita milioni 4.6!"

Na mwaka 2004 gari hilo liliishia wapi, mwanangu? Kwenye jumba la makumbusho la kampuni. Kwa hiyo hata bingwa wa watumiaji alifika mwisho akalikabidhi kwa waweka.

"Basi Uhlenhaut, mzee. Huyo huna la kumjibu."

Na kweli Rudolf Uhlenhaut alinikalia vibaya. Alikuwa mhandisi wa Mercedes. Mwaka 1955 walitengeneza magari mawili tu ya 300 SLR yenye paa, ya mbio, na mbio zenyewe zikafutwa. Badala ya kuyafunika, Uhlenhaut akawa anaendea kazini. Ofisini! Akafika, akaegesha, akaingia kunywa kahawa. Mwaka 2022 moja kati ya hayo mawili likauzwa kwa euro milioni 135, bei ambayo hakuna gari lililokuwa limewahi kuifikia. Nilifikiri kutoka Saba Saba hadi Makupa bila kupata la kumjibu, kisha nikalipata: Uhlenhaut hakuwahi kukwaruzwa na tuktuk.

Mimi nimekwaruzwa. Nilikuwa nimesimama kabisa, breki ya mkono juu, foleni haiendi, tuktuk ikapenya mahali ambapo pikipiki ingesita. Krrr, kuanzia mlango wa nyuma hadi wa mbele. Nikashuka. Dereva naye akashuka, akautazama mkwaruzo wake, akautazama ubavu mzima wa Pijo, akasema kwa upole, "Pole, mzee. Lakini si ulikuwapo tayari?" Akanionyesha mwingine, wa zamani, wa kweli. Abiria wake wakakubaliana naye. Nikarudi garini nikiwa nimeshindwa kesi ambayo mimi ndiye mlalamikaji.

Hiyo ndiyo gharama ya kutumia, na waniombao lifti hawaitaji. Pale kivuko cha Likoni, unaposhuka ferini bahari imechafuka, gari hunyunyiziwa maji ya chumvi mahali hasa ambapo kutu hupenda kuanzia. Barabarani kuna mashimo tunayoyajua kwa majina. Kioo cha taa ya nyuma kilipovunjwa na mtu aliyeniambia "rudi, rudi, rudi" mpaka mwisho, nilikisaka mpaka Nairobi, Kirinyaga Road, ambayo wazee bado huiita Grogan. Muuzaji akakitazama kipande changu, akakizungusha mwangani, akaniuliza kwa heshima, "Hii ni ya gari gani, mzee?" Nikamwambia. Akaingia ndani, akakaa, akarudi. "Ya Probox tunayo."

Kwenye bima nako kijana aliyenihudumia, sitaitaja kampuni, aliandika mwaka wa gari kwenye kompyuta, kompyuta ikakataa, akaandika tena. "Mzee, hili limepita umri." Sikushangaa. Serikali yenyewe hairuhusu gari kuukuu la zaidi ya miaka minane kuingizwa nchini. Pijo langu lingekuwa melini leo pale Kilindini, lingerudishwa lilikotoka, na mimi juu yake.

Ndipo yule kijana wa chuo akatoa karata yake ya mwisho: East African Safari Classic, mbio za magari ya zamani zilizoanza mwaka 2003. Si maonyesho yale, mzee. Magari ya umri wa kustaafu yanapigwa kwenye vumbi na mawe siku nyingi mfululizo, na mwaka 2009 Ian Duncan, Mkenya mwenzetu, akashinda na Ford Mustang. Kidogo nishawishike. Nikampelekea mke wangu hoja hiyo wakati wa chakula.

"Wale," akasema bila kuinua macho kwenye sahani, "wana kikosi cha mafundi kinachowafuata nyuma. Wewe una fundi mmoja, naye afuata chakula."

Baada ya kuvisikiliza vyama vyote viwili nikatoa uamuzi wangu, na naomba uheshimiwe mtaani. Gari litatumika. Litatoka kila wiki, zaidi ya mara moja, tena litoke kweli, kilomita za kutosha lipate joto na kukausha maji yake. Oili itabadilishwa kwa tarehe, hata kama kilomita hazijafika. Likipita karibu na bahari litaoshwa uvungu kwa maji matamu siku hiyo hiyo. Turubai limerudishwa Nairobi kwa basi lile lile.

Hata hivyo mimi si mjinga, kwa hiyo kuna masharti. Nikamsomea mke wangu, nimeyaandika kwenye karatasi. Halitavushwa Likoni, kwa sababu ya chumvi. Halitatoka mvua ikinyesha, kwa sababu barabara za kisiwani masika zina kina. Halitashika barabara ya Nairobi, kwa sababu ya malori. Halitaingia Kongowea, kwa sababu ya mikokoteni. Halitaegeshwa chini ya mnazi, kwa sababu nazi haimjui Pininfarina. Halitapita mjini saa za foleni, kwa sababu ya tuktuk. Na halitaendeshwa na kijana yeyote ambaye akiona gia husema "hii ndiyo nini?"

Mke wangu akasikiliza mpaka mwisho. "Sasa bwana," akasema, "hapo limebaki la kwenda wapi?"

Nikaitazama karatasi. Kwa kweli njia iliyobaki ni ile ya kwa fundi, tena asubuhi mapema, wakati wa kiangazi.

Masharti yale hayakudumu. La Likoni lilianguka kwanza, siku mama mkwe alipopiga simu kutoka Ukunda kwamba ana miadi ya daktari na magoti yake hayataki matatu. Kwa mama mkwe hakuna cha chumvi. Nikavuka. Nikamkuta amejitanda buibui lake, ana kikapu cha maembe, akaingia kiti cha nyuma, akajikalisha, akatulia. Wasioijua 504 niwaambie: springi zake ni ndefu na laini, na viti vyake vilitengenezwa na watu waliojua kwamba mwanadamu ana nyonga. Tukalipita shimo la kwanza, lile linalojulikana. Nikasubiri kilio. Kimya. La pili, kimya. Nikatupa jicho kwenye kioo nikakuta amelala fofofo, mdomo wazi, embe moja limemponyoka mkononi. Alipoamka ferini akasema, "Hili ndilo gari. Siyo yale mnayotupakia, magoti kidevuni." Mama mkwe hajapata kunisifu kwa jambo lolote tangu siku ya posa, na sifa hiyo haikupatikana kwa pilipili kuanikwa kwenye boneti.

Sharti la mvua lilianguka kwa sababu mvua haikuuliza. La Kongowea lilianguka kwa sababu tunakula. Na kila sharti lililoanguka limeniachia alama: mkwaruzo, harufu ya samaki, ganda la embe chini ya kiti. Nimezikubali. Mikwaruzo ya ami aliyonirithisha sijaipaka rangi, na atakayelirithi kwangu ataikuta yangu imejipanga chini yake, apate kujua kwamba hakuachiwa sanamu.

Lakini msiniache nikastarehe. Gari likianza kuonekana njiani, watu huanza kukumbuka kwamba wana harusi. Jana usiku ujumbe wa watu wanne ulifika barazani kwangu, ukanywa kahawa yangu, ukalisifu gari mpaka nikaogopa, ndipo ukasema shida yake: mpwa wa jirani anaoa Ijumaa, na bi arusi amesema hataki Prado, ataka "lile Pijo la krimu". Mmoja wao alikuwa na mfuko. Ndani ya mfuko mna maua ya plastiki na seloteipu, ile pana, ya kufungia maboksi.

Nimewajibu hivi. Gari nitatoa. Dereva nitakuwa mimi. Nitaendesha mwendo wangu, na msafara ukiona nachelewesha, upite. Maua yatafungwa kwa utepe wa kitambaa, kwenye vishikio na bampa tu. Na yeyote nitakayemkuta akibandika seloteipu juu ya rangi ya ami yangu ataenda harusini kwa tuktuk, hata akiwa ndiye bwana arusi.